Mpira wa tatu unanishinda: ni mkono wa kushoto, ni macho, au ni umri?

MwanaChumbageni (#1)
Wakuu, salaam. Niingie kwenye mada.

Nina miaka 38, mwalimu wa msingi hapa Tanga. Tangu shule zifungwe najifunza kurusha mipira mitatu kwa mikono miwili, kama wale wa sarakasi. Miwili naiweza hata nikiwa naongea na simu begani. Nikiongeza wa tatu, mambo ni yale yale: wa pili unagonga wa kwanza hewani, mkono wa kushoto unatupa chini chini, na mimi mwenyewe nasogea mbele bila kujua mpaka najikuta kwenye michongoma ya jirani.

Mwanangu ana miaka 11. Kaanza nyuma yangu na sasa anarusha mitatu huku ananicheka. Kwa hiyo dai langu ni hili: ukishavuka miaka 30 mwili haupokei tena mambo haya. Anayepinga apinge kwa hoja. Nikifaulu nataka nihamie kwenye poi, zile kamba mbili zenye uzito mwishoni ambazo vijana wa ufukweni wanazungusha zikiwaka moto.

Kibao cha Mbuzi (#2)
Jirani naye aje atoe ushahidi. Baba mzima kila jioni yuko kwenye michongoma ya watu anakimbiza ndimu.

Nimekaa pale, nasubiri wajuzi.

NgaraKwaNgara (#3)
Mwalimu, hapo umri hauna kesi. Nimefundisha sarakasi Nairobi kwa muda, na hayo matatu uliyoyataja kila mwanafunzi huja nayo, mkubwa kwa mdogo.

Kutembea mbele: unatupa mbele badala ya kutupa juu. Simama ukiuangalia ukuta, karibu kiasi kwamba ukitupa mbele mpira unaugonga. Ukuta utakufundisha kuliko mimi.

Kugongana: unautupa wa pili mapema au unautupa njia ile ile ya wa kwanza. Subiri wa kwanza ufike kileleni na uanze kugeuka, ndipo uachie wa pili, na uupitishe chini yake kwa ndani. Ikienda vizuri, njia ya mipira ni namba nane iliyolala.

Kushoto: anza na kushoto. Siku zote. Mkono dhaifu ukianza, ule wenye nguvu unajirekebisha wenyewe.

Na ufanye mazoezi mbele ya kitanda, mipira ikianguka isikuvunje kiuno kwa kuinama.

Mama Zai (#4)
Niwaulize wanaume wa uzi huu: nani kati yenu alicheza mdako? Sisi tulichimba kishimo, tukaweka kete, unarusha moja juu, unakokota nyingine kutoka shimoni, halafu unaidaka ya juu kabla haijatua. Tulifanya hivyo kutwa. Juzi mjukuu kaleta mipira, nimeishika mara moja tu na mkono ukakumbuka. Mwalimu, ulikuwa unacheza chandimu wenzako wakicheza mdako, sasa unasingizia miaka.

Kibao cha Mbuzi (#5)
Bibi kamaliza. Funga uzi.

Fundi Redio (#6)
Usifungwe bado. Mama Zai, shikamoo, lakini mdako ni kitu kimoja hewani. Mpira wa tatu ni tatizo la muda, na muda unapigiwa hesabu.

Mpira ukipanda nusu mita juu ya kiganja, unakaa hewani kama sekunde 0.64 hivi. Ukipanda mita moja, 0.9. Angalieni hapo: umezidisha urefu mara mbili lakini muda haujazidi mara mbili. Ukitaka muda maradufu unatupa juu mara nne. Mwalimu anasema kushoto kwake kunatupa chini chini. Tuseme robo mita: sekunde 0.45. Kulia kunatupa mipira ya 0.64, kushoto ya 0.45. Mikono inadaiwa muda tofauti, lazima kitu kigongane.

Claude Shannon, yule Mmarekani aliyeweka msingi wa nadharia ya habari, aliandika kanuni ya jambo hili. Chukua muda wa mpira hewani, jumlisha muda unaokaa mkononi, zidisha kwa idadi ya mikono. Jibu ni sawa na muda wa mkono kuwa mtupu, jumlisha muda wa mpira mkononi, zidisha kwa idadi ya mipira. Alitengeneza hata mashine ya kurusha vigololi vya chuma.

Kwa mipira mitatu ya nusu mita, kama unaushikilia kila mmoja sekunde 0.35, kila mkono una sekunde 0.66 kutoka mtupo hadi mtupo. Hiyo ni nafasi ya kutosha hata kwa mzee. Kwa mipira mitano urefu ule ule zinabaki 0.4, yaani unapumua kwa shida. Ndiyo maana wa mitano wanatupa juu sana.

Kwa hiyo jibu langu: sawazisha urefu. Mengine ni porojo.

Mpigangoma wa Bagamoyo (#7)
Fundi, hakuna aliyewahi kudaka kwa kikokotoo. Mwalimu hana mdundo, basi. Aseme kwa sauti: tupa, tupa, daka, daka. Akiweza hivyo aongeze wa tatu bila kuvunja mapigo. Nimewaona wapiga ngoma wakijifunza kitu hiki upesi kwa sababu mkono wa kushoto umezoea kuwa na kazi yake yenyewe.

NgaraKwaNgara (#8)
@Mpigangoma nakubali nusu. Mdundo unasaidia, lakini nimefundisha wachezaji ngoma wazuri sana ambao waliganda kwenye wa tatu mpaka nikawaambia waache kuangalia mikono.

Mwalimu, swali: macho yako yako wapi?

MwanaChumbageni (#9)
Nafuata mpira. Nautazama unavyopanda, unavyoshuka mpaka unaingia mkononi. Si ndivyo mtu anavyodaka?

NgaraKwaNgara (#10)
Umepatikana. Mmoja unaweza kuufuata, hata miwili. Mitatu huwezi, shingo itang'oka. Angalia kileleni tu. Mpira ukigeuka pale juu, mkono unajua utaangukia wapi.

Kuna mtu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, Howard Austin, mwaka 1976 aliwawekea warushaji kizuizi kati ya macho na mikono, wasione chochote isipokuwa sehemu ya juu kabisa ya njia ya mpira. Waliweza kuendelea wakiwa wanaona kama sentimita mbili na nusu tu za kilele.

Fundi Redio (#11)
Hao walikuwa wanajua tayari. Aliyeanza jana bado anahitaji kuuona mkono wake.

Shemeji wa Bremen (#12)
Habari za huko. Mimi niko Ujerumani, huku watu wanajaa bustanini kiangazi na mipira, virungu, poi, hupu (zile duara za kuzungusha). Wana hata mkutano wa Ulaya nzima kila mwaka tangu 1978, ulianzia Brighton.

Kwenye suala la umri, Wajerumani wamelipima. Mwaka 2004 jarida la Nature lilitoa utafiti: watu wazima 12 walifundishwa mipira mitatu kwa miezi mitatu, ubongo ukapigwa picha kabla na baada. Sehemu inayoshughulikia vitu vinavyotembea mbele ya macho ilikuwa imeongezeka. Wakaacha mazoezi miezi mitatu mingine, ikapungua. Baadaye, 2008, wakarudia kwa watu wa wastani wa miaka 60. Nao walijifunza, nao ubongo ukabadilika, ingawa waliofika kiwango cha vijana walikuwa wachache.

Mwalimu, dai lako la miaka 30 limekufa.

Kibao cha Mbuzi (#13)
"Waliofika kiwango cha vijana walikuwa wachache." Umelizika dai halafu ukalifukua mwenyewe kwenye sentensi moja.

Shemeji wa Bremen (#14)
Yeye kasema mwili *haupokei*. Kupokea taratibu ni kupokea.

MwanaChumbageni (#15)
Shukrani wote. Ukuta nimeujaribu, umenitoa nundu ya kidole lakini sitembei tena. Kileleni bado nasahau. Sasa niwaonyeshe kitu: mwanangu anarusha kwa njia tofauti kabisa na hiyo namba nane. Kulia anatupa juu, kushoto anapokea na kuurudisha kulia haraka kwa chini, bila kuutupa. Unazunguka. Na mimi ndivyo nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo na machungwa mawili. Hii ndiyo sahihi au ile?

Mama Zai (#16)
Sote tulifanya hiyo ya kuzunguka. Hakuna mtoto wa pwani aliyefundishwa namba nane.

Fundi Redio (#17)
Hapa ndipo patamu, tulieni.

Miaka ya 1980 watu wa California na wengine wa Cambridge, kila kundi kivyake, waligundua namna ya kuandika mitupo kwa namba. Kila namba ni idadi ya mapigo mpaka mpira ule utupwe tena. Namba witiri inavuka kwenda mkono wa pili, namba shufwa inarudi mkono ule ule. Na wastani wa namba ndio idadi ya mipira.

Namba nane ya mipira mitatu ni 3, 3, 3. Kila mtupo sawa. Ule mzunguko wa mtoto ni 5, 1, 5, 1. Wastani ni tatu, mipira ni mitatu, lakini mkono wa kulia unatupa *tano*, yaani mtupo wa mtu wa mipira mitano! Watoto wetu wote wanaanza na njia ngumu, wakishindwa wanasema hawana kipaji. Na ndiyo maana kushoto kwako hakutupi, mwalimu: tangu utotoni kazi yake ni kupokea na kupitisha.

Ukitaka nyongeza jaribu 4, 4, 1. Jumla tisa, gawa kwa tatu. Inakubali.

Mpigangoma wa Bagamoyo (#18)
Kwa hiyo umekiri ni mdundo. Mapigo, mapigo, umeyataja mwenyewe.

Kiwi_Mswahili (#19)
Hodi. Nimeolewa huku Auckland, naomba niongeze moja. Hiyo ya kuzunguka msiidharau. Kule Tonga wasichana wanairusha kwa njia hiyo hiyo tangu enzi, kwa ndimu au kokwa za mti wao wa tuitui, na wanaimba juu yake. Wanaiita hiko. Kwa hiyo kusema "ngumu" sawa, ila wapo waliokulia humo wakaiona nyepesi.

NgaraKwaNgara (#20)
Wapo. Lakini sijaona mtu wa mzunguko akihamia mitano kirahisi bila kurudi kujifunza namba nane. Nawaambia kwa yale niliyoyaona ukumbini.

Mzee Kitwana (#21)
Naona mnawapa Wazungu kila kitu. Kurusha mipira kumetoka Misri, wanaume wa Farao walikuwa wanarusha kwenye mapiramidi.

Shemeji wa Bremen (#22)
Mzee shikamoo. Misri ni kweli, mapiramidi hapana, wanaume pia hapana. Picha iko Beni Hasan, kaburi namba 15, la mkubwa mmoja aliyeitwa Baqet III, karibu miaka 4,000 iliyopita. Waliochorwa na mipira ni wanawake.

Mama Zai (#23)
Wanawake. Mmesikia?

Mzee Kitwana (#24)
Marahaba. Misri ni Misri, Afrika imeshinda.

Nungwi Usiku (#25)
Naona poi imesahaulika na ndiyo fani yangu, kwa hiyo niingie. Mwalimu, poi anza hata kabla ya kumaliza mipira. Chukua soksi mbili ndefu, kila moja tia mpira wa tenisi au kifuko cha mchele, funga. Urefu: shika mwisho wa soksi kiganjani, nyoosha mkono, uzito ufike karibu na kwapa. Ikizidi hapo itakupiga usoni, ikipungua inazunguka haraka mno hujui umefanya nini.

Mkono mmoja kwanza, mbele, halafu nyuma. Usizungushe kwa bega zima, ni kifundo cha mkono. Jifikirie umesimama kati ya kuta mbili, poi izunguke sambamba na ukuta bila kuugusa. Wanaoanza wote poi inawayumba na kuwakata magoti kwa sababu ukuta huo wameupoteza. Kisha mikono yote pamoja, kisha ipishane moja juu moja chini. Ukishapishanisha, ndipo unaanza kusuka: zote mbili zinavuka kifua kwenda kulia na kurudi kushoto. Pale wengi hukwama, kisa hawageuzi kiuno. Poi haikuangukii chini kama mpira, ndiyo maana nasema ni rahisi kwa watu wazima.

Asili yake Hawaii.

Kiwi_Mswahili (#26)
Maelezo mazuri kaka, ila Hawaii ukiagiza poi utaletewa bakuli: ni chakula, magimbi yaliyopondwa. Poi ya kuzungusha ni ya Wamaori wa huku New Zealand. Za kale zilitengenezwa kwa majani ya raupō, mmea wa majimaji, na nyuzi za harakeke. Zaidi wanawake huzicheza, na ziko na wimbo, zinapigwa kwenye mkono na kiganja zitoe sauti. Moto haumo. Na ile fimbo ya moto yenye kisu mnayoiona kwenye hoteli ni ya Wasamoa, moto ukaongezwa 1946 na Msamoa mmoja, Freddie Letuli, akiwa San Francisco.

Nungwi Usiku (#27)
Watalii ndio walioniambia Hawaii. Wao walilipa, sikubisha.

Kibao cha Mbuzi (#28)
Biashara asubuhi.

Kiwi_Mswahili (#29)
Halafu kuhusu umri, Chuo Kikuu cha Auckland walichukua watu 79 wenye miaka 60 na kuendelea, wengine wakajifunza poi, wengine tai chi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina, mwezi mmoja. Wa poi waliboreka kusimama bila kuyumba, mshiko wa mikono, na umakini.

Fundi Redio (#30)
Na wa tai chi?

Kiwi_Mswahili (#31)
Nao pia.

Fundi Redio (#32)
Basi huenda si poi. Huenda ni kutoka tu kwenye kiti.

Mama Zai (#33)
Fundi, wewe ungekuwa mganga tungekufa wote. Mtu kapona, unauliza kama ni dawa.

Nesi wa Zamu (#34)
Nimesoma uzi wote kimya, lakini tumefika kwenye moto na nimewahi kuwapokea vijana wa moto usiku.

Mwalimu, kabla ya kuwasha: soksi na tenisi si za moto, moto una tambi zake za kevla, uzi unaostahimili moto, na minyororo. Vaa pamba, siyo jezi ya nailoni, nailoni inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Funika nywele. Mwenzako asimame na taulo la pamba lililoloweshwa, na huyo asiwe anarekodi video. Chombo cha mafuta kiwe mbali na kimefungwa. Tambi ikishalowa, ikung'ute mafuta ya ziada kabla ya kiberiti. Petroli msiiguse kabisa, mvuke wake unadaka moto ukiwa mbali.

La mwisho ndilo linaloniuma: wale wanaotia mafuta ya taa mdomoni na kupuliza moto. Yakiingia kwenye mapafu hata kidogo, yanaleta nimonia isiyotokana na vijidudu, na mtu anaweza kuonekana mzima jioni na asubuhi hapumui vizuri. Ukimwona mwenzako kayameza, msimtapishe. Mpelekeni hospitali.

Nungwi Usiku (#35)
Nesi hongera. Sisi kupuliza tulishaacha. Ila upepo umeusahau. Ufukweni upepo ukigeuka, poi ile ile unayoijua miaka yote inakuja upande usiouzoea. Tunasimama mgongo kwa upepo, na ukizidi hatuwashi hata mwenye hoteli akinuna.

MwanaChumbageni (#36)
Nesi, mke wangu kasoma bandiko lako akanyang'anya kiberiti ambacho hata sijakinunua. Nitabaki na soksi.

Ripoti: nimeanza na kushoto kama alivyosema NgaraKwaNgara, nahesabu kwa sauti kama alivyosema Mpigangoma, natupa urefu mmoja kama Fundi. Leo mipira imekwenda mizunguko kadhaa. Sijui ni kipi kati ya vyote kilichofanya kazi.

Mpigangoma wa Bagamoyo (#37)
Mdundo.

Fundi Redio (#38)
Urefu.

NgaraKwaNgara (#39)
Ulikuwa unaangalia wapi?

Mama Zai (#40)
Hamjamuuliza kama amelala vizuri? Shule zimefungwa, mtu kapumzika. Sisi mdako tulikuwa tunashindwa jioni, kesho yake asubuhi unauweza bila kufundishwa na mtu.

Juma Virungu (#41)
Nimechelewa uzi. Hakuna aliyeuliza mwalimu anarusha nini. Kibao kule juu kasema ndimu. Kama ni ndimu au mipira ya tenisi, ndiyo kesi yenyewe. Tenisi inaruka ikigusa kiganja, ndimu hazilingani uzito. Shona vifuko vitatu vya kitambaa kigumu, tia mtama au kunde, gramu 100 hadi 130 kila kimoja, visijae sana. Kikianguka kinakaa pale pale, hakikimbii kwenye michongoma.

MwanaChumbageni (#42)
Zilikuwa ndimu mpaka juzi. Juzi mke wangu alizitumia kwenye samaki, tangu hapo natumia vifuko vya mchele.

Kibao cha Mbuzi (#43)
KUMBE. Kurasa zote hizi, hesabu za Shannon, ubongo wa Wajerumani, kaburi la Misri, na aliyetatua ni mama mwenye samaki.

Fundi Redio (#44)
Uzito kuwa tofauti haubadilishi muda wa hewani ukitupwa urefu ule ule.

Juma Virungu (#45)
Unabadilisha mkono unaotupa, Fundi. Mkono hausomi fizikia.

Mzee Kitwana (#46)
Rastelli alirusha mipira kumi na alikuwa Mrusi. Hakuwa na mchele.

Shemeji wa Bremen (#47)
Mzee, Enrico Rastelli alikuwa Mwitaliano wa ukoo wa sarakasi, alizaliwa Samara, Urusi, 1896, kwa sababu wazazi walikuwa kazini huko. Alifariki 1931, hajafika hata 35.

Mzee Kitwana (#48)
Kazaliwa Urusi, mimi nimesema nini?

NgaraKwaNgara (#49)
Mwalimu, ukifika Nairobi pitia Sarakasi Dome pale Ngara, wazee wanaikumbuka kama sinema ya Shan. Utaona vijana wanaofanya haya na virungu. Na ukifika Addis Ababa ndio usiseme, Fekat Circus wapo tangu 2004 na vijana wa Ethiopia wanarusha vitu sijui wanakula nini.

Kibao cha Mbuzi (#50)
Wanakula injera. Haianguki ukiitupa.

MwanaChumbageni (#51)
Swali jipya kabla sijasahau. Mwanangu kaanza kudai wa nne. Fundi umesema shufwa inarudi mkono ule ule. Ina maana mipira minne haivuki kabisa? Miwili kulia, miwili kushoto, kila mkono kivyake?

Fundi Redio (#52)
Ndiyo. Kila mkono unarusha miwili yake, kwa ndani kwenda nje, na mikono inapishana au inakwenda pamoja. Yaani jifunze miwili kwa mkono mmoja kwanza. Wa kushoto pia.

MwanaChumbageni (#53)
Wa kushoto tena?

Mama Zai (#54)
Mwache mtoto aendelee, wewe ukamwombe msamaha jirani wa michongoma.